Nani Aliyeuliza? Nafasi ya Mwulizaji katika Masimulizi ya Maisha, kwa Mtazamo wa Uvira

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu masimulizi ya maisha, yaani maelezo ambayo mtu huyatoa juu ya maisha yake mwenyewe huku akiulizwa na mtu mwingine, kisha yakanaswa na kuandikwa. Utanzu huu umepewa nafasi ndogo katika uhakiki wa Kiswahili ukilinganishwa na riwaya, tamthiliya na ushairi. Sababu mojawapo ni kwamba wataalamu hawajakubaliana kama ni fasihi au ni data ya mwanahistoria. Hatutaingia sana katika ubishi huo. Tunachokusudia kuonyesha ni kwamba, iwe fasihi au historia, matini ya namna hii ina watunzi wawili, aliyeuliza na aliyejibu, na kwamba desturi ya kumfuta wa kwanza kutoka kwenye ukurasa hupotosha maneno ya wa pili.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kuanzia uwanda wa Ruzizi hadi Fizi. Tangu vita vya mwaka 1996, watu wa mwambao huu wameulizwa habari za maisha yao na wachunguzi wa haki za binadamu, maofisa wa wakimbizi, wafanyakazi wa mashirika na, hatimaye, wanafunzi wetu wenyewe. Wako wazee ambao wamekwisha kusimulia maisha yao mara nyingi mbele ya mgeni mwenye kalamu, na hawajawahi kuyasimulia mbele ya wajukuu wao. Hali hiyo inamlazimisha mhakiki aulize jambo ambalo mhakiki wa riwaya halimsumbui: nani aliyeuliza, aliuliza nini, na jibu lilikwenda wapi?

2.0 Istilahi

Kiswahili kina istilahi mbili zilizozoeleka: wasifu, ambao ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na tawasifu, ambayo ni maisha yaliyoandikwa na mwenyewe. Shaaban Robert ametuachia mifano ya aina zote mbili, Wasifu wa Siti binti Saad na Maisha Yangu, na kwa muda mrefu mifano hiyo imetosha kufundishia. Lakini mahali pa bibi kizee wa Mulongwe anayeulizwa na mjukuu wake, kaseti au simu ikiwa katikati yao, hapapatikani katika jozi hiyo. Hakuandika yeye, wala mjukuu hakuyatunga maisha hayo. Matini iliyopatikana imezaliwa katikati ya watu wawili.

Kwa hiyo tunatumia istilahi masimulizi ya maisha kwa maana finyu: matini iliyotokana na mazungumzo. Anayeuliza tunamwita mwulizaji, anayejibu tunamwita msimulizi. Neno mhojiwa tumeliepuka kwa makusudi. Mhojiwa ni mtu aliye mbele ya polisi au ya ofisa, na mojawapo ya hoja zetu ni kwamba masimulizi ya maisha huharibika pale msimulizi anapogeuzwa mhojiwa.

3.0 Mwulizaji katika matini zilizochapishwa

3.1 Mwulizaji aliyefichika

Matini ya kwanza inayotupasa kuikumbuka ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Inajulikana sana kuwa ni tawasifu, na kwa namna fulani ndivyo ilivyo, kwa maana mwenyewe aliiandika kwa mkono wake, kwa hati za Kiarabu. Lakini aliiandika kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliigeuza kuwa katika hati za Kirumi na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ombi hilo halionekani ndani ya matini. Msomaji anakuta misafara, pembe za ndovu, vita na mapatano na machifu. Mambo ya ndani ya nyumba ya msimulizi yanapata nafasi ndogo. Je, mpangilio huo ulitokana na tabia ya Tippu Tip, au na kile alichodhani Mzungu yule angependa kukisikia? Hatuna njia ya kulijibu swali hili, kwa sababu upande mmoja wa mazungumzo haukuandikwa.

Kwetu sisi wa magharibi ya ziwa, matini hiyo ina pengo jingine. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wenye kituo chao Ujiji, ilifika mpaka huku, na pamoja nayo kilikuja Kiswahili tunachokizungumza leo. Waliobeba pembe na waliotekwa hawakuombwa na mtu yeyote waandike maisha yao. Walioulizwa walikuwa wachache, na aghalabu waliulizwa na wamisionari. Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya watumwa na wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati, amekusanya maisha ya wanawake waliopata kuwa mateka, baadhi yao katika eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Thamani ya kazi hiyo ni kubwa, na sehemu ya thamani hiyo inatokana na jinsi anavyomkumbusha msomaji kwamba mwanamke anayesema yuko misheni, miongoni mwa watu waliompa hifadhi. Mtu hawezi kumsimulia mwenye nyumba aliyemwokoa kama anavyomsimulia dada yake.

3.2 Mwulizaji anayeonekana

Mifano inayokwenda kinyume na hiyo inatoka kusini mwa nchi yetu, Katanga. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, alitoa kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine, juu ya historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Johannes Fabian alikitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Kijitabu kiliandikwa kama kinavyosemwa, bila kufuata kanuni za tahajia wala vituo, na macho peke yake hayakutosha kukielewa. Ilimbidi Fabian amwombe Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili cha huko, akisome kwa sauti, na sauti hiyo ikanaswa. Maandishi yalirudishwa kwanza kinywani ndipo yakaeleweka. Tungependa kila mwanafunzi anayeandika Kiswahili cha watu wetu alikumbuke tukio hili kabla hajashika kalamu ya kusahihisha.

Kazi ya pili ni mazungumzo ya Fabian huyo huyo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, yaliyofanyika Lubumbashi katika miaka ya 1973 na 1974 na kuchapishwa katika kitabu cha mwaka 1996. Tshibumba alichora historia ya Zaire katika picha zaidi ya mia moja, na mbele ya kila picha alieleza. Alikuwa anasimulia nchi zaidi ya nafsi yake, kwa hiyo matini yake iko kando kidogo ya utanzu wetu. Hata hivyo ni mfano bora wa uhariri. Maswali ya mwulizaji yamebaki ukurasani, pamoja na pale alipokosa kuelewa na pale mchoraji alipomrekebisha. Msomaji anaweza kuona kwamba jibu fulani lilikuja kwa kusukumwa, na jingine lilikuja lenyewe. Kasoro ya kitabu ni kwamba kilitoka kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili ilitolewa baadaye, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu ambayo Fabian na wenzake waliianzisha.

3.3 Lugha ya msimulizi kama haki yake

Juu ya jambo hilo la lugha, sifa inawastahili Sarah Mirza na Margaret Strobel. Kitabu chao juu ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wanawake hao walitofautiana kwa nasaba na hadhi, mmoja wao akiwa wa uzao wa watumwa, na tofauti hiyo inasikika katika maneno yao wenyewe. Kwa kukitoa kwa Kiswahili, wahariri wamemwezesha mjukuu wa msimulizi kusoma na kusema, "Hapana, bibi hakusema hivyo." Masimulizi yasiyoweza kupingwa na jamaa za msimulizi yamekwisha kuwa mali ya mwingine.

Kutokana na kazi hizi tunapata vigezo viwili vya uhakiki: je, swali linaonekana? Na je, lugha ya jibu imebaki? Tukivileta vigezo hivi Uvira, tutaona kwamba havitoshi, na kwamba kuna cha tatu.

4.0 Uvira mbele ya mgeni

Mwezi Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitoka Ujiji. Walikuwa na swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka, huenda ungekuwa ndio mwanzo wa Nile. Wana wa chifu Maruta waliwaambia kwamba mto unaingia. Jibu lilikuwa sahihi, nalo lilithibitishwa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipofika wenyewe kwenye mlango wa mto. Vijana wale wanatajwa katika vitabu vya ulimwengu kwa sababu ya jibu hilo moja tu. Hakuna aliyewauliza waliishije, nani aliwafundisha kuvua, wala waliwaonaje wageni wale. Waliulizwa mto, wakajibu mto.

Tabia hiyo ya mgeni kuuliza anachokihitaji yeye haikuishia karne ya 19. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alikaa Fizi kwa muda wa miezi saba, na ulimwengu unaufahamu mwaka huo wa mwambao wetu kupitia daftari lake, si kupitia maneno ya waliomvusha ziwa na kumbebea mizigo. Baada ya vita vya mwaka 1996 na 1998, wageni waliongezeka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ilieleza matukio 617 na ilitegemea mahojiano na mashahidi zaidi ya 1,280. Makobola na Katogota zimo. Ni kazi nzito, na hatudhani kuna mtu wa Uvira anayetamani isingefanyika. Lakini ushahidi ni kitu kimoja na maisha ni kitu kingine. Mchunguzi anauliza siku, saa, mahali, idadi, nani alifanya. Mwanamke wa miaka sitini akijibu maswali hayo ameeleza usiku mmoja wa maisha yake. Miaka mingine yote, aliyolima muhogo, aliyozaa, aliyouza ndagala sokoni, imebaki nje ya karatasi kwa sababu haikuulizwa.

Hali inakuwa ngumu zaidi kwa waliovuka ziwa. Katika kambi za Kigoma, kama vile Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, mkimbizi anayetafuta makazi katika nchi ya tatu husimulia maisha yake kwa ofisa, na huenda akayasimulia tena na tena kwa maofisa tofauti. Masimulizi hayo hulinganishwa. Penye tofauti pana shaka. Basi msimulizi hujifunza kuyasema kwa namna moja tu. Mtafiti wa fasihi akifika baadaye na kinasa sauti chake, anapewa matini hiyo hiyo iliyokwisha kukomazwa, yenye mwanzo wake, tarehe zake na kilio chake mahali pake. Akiisifu kwa ufasaha wake bila kuuliza ilikomaa mbele ya nani, atakuwa amehakiki fomu ya ofisi akidhani anahakiki masimulizi.

Kuna pia swali la asili. Katika sehemu yetu, maneno "ulizaliwa wapi, na baba yako alizaliwa wapi" si ya kuanzishia mazungumzo tu. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliwatambua watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Ile ya 1981 ilirudisha kipimo hadi mwaka 1885. Ile ya 2004 ikakileta kwenye uhuru, mwaka 1960. Kila kipimo kilibadilisha uzito wa kumbukumbu za wazee. Mzee akisema "babu zetu walikuja kutoka upande ule," kwake huenda ni hadithi ya ng'ombe na njaa. Kwa msikilizaji mwingine ni hoja ya mahakama au ya uwanja wa siasa. Wafuliru, Wavira, Wabembe, Warundi wa uwandani na Wanyamulenge wote wanalijua jambo hili, na wote huchagua maneno yao wanapoulizwa. Mwulizaji anayeanza kwa jina, kabila na mahali pa kuzaliwa amekwisha kuamua kwamba masimulizi yatakuwa kitambulisho.

5.0 Uvira mbele ya ndugu

Wengi wetu tumedhani kwamba dawa ya matatizo hayo ni kuwatuma wanafunzi nyumbani kwao, kila mmoja akamuulize mzee wake. Jambo hili lina mvuto hata kwingineko. Nchini Marekani, mpango wa StoryCorps ulioanza New York mwaka 2003 huwaketisha watu wawili wanaofahamiana kwa muda wa dakika 40, mmoja akamuuliza mwenzake, na nakala ya mazungumzo huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Mpango huo umejengwa juu ya dhana mbili: kwamba ndugu anaweza kumuuliza ndugu yake jambo lolote, na kwamba kuhifadhiwa hadharani hakumdhuru msimulizi. Huku kwetu dhana zote mbili zinahitaji kupimwa.

Kwanza, undugu una adabu zake. Mjukuu anaruhusiwa utani na babu na bibi, na chini ya kivuli cha utani huo huuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi baba yake. Mkwe hamuulizi baba mkwe. Kijana wa kiume hamuulizi mama yake habari za mume wa kwanza. Na hata pale swali linaporuhusiwa, linaweza kugusa shamba au kiwanja: kumtaja mume wa kwanza ni kuwataja watoto wake, na kuwataja watoto wake ni kufungua upya mgawanyo ambao ukoo uliumaliza kwa taabu. Kimya cha bibi juu ya miaka hiyo huenda ndicho kinachoiweka nyumba pamoja.

Pili, ndugu haulizi anachokijua. Mazungumzo ya ndugu yamejaa "yule wa Kavimvira, unamjua," "ile siku ya mvua," "kama alivyofanya mjomba wako." Wote wawili wameelewana, na mtu wa tatu akisoma hapati kitu. Mgeni, kwa ujinga wake, humlazimisha msimulizi aeleze. Ndugu, kwa ujuzi wake, humwezesha asieleze. Katika kazi za wanafunzi ambazo tumepata kuzisoma, tatizo hili hutatuliwa kwa mwanafunzi kujaza mapengo mwenyewe, kwa maneno yake, ndani ya nafsi ya kwanza ya bibi yake. Hapo matini imeharibika kwa mapenzi.

Tatu, ukoo mara nyingi huketi kuuliza maisha ya mtu pale anapokuwa amekwisha kufa. Kwenye kilio, vijana hukusanyika kuandika historia ya marehemu itakayosomwa siku ya mazishi. Mwaka wa kuzaliwa unatafutwa, majina ya shule yanakadiriwa, kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba inatajwa kwa mstari mmoja. Matini hiyo ni utanzu wenye kanuni zake na unastahili utafiti: huanza na kuzaliwa, hupitia ndoa na watoto, huishia na ugonjwa, na haina ugomvi hata mmoja. Lakini aliyepaswa kujibu hayupo. Wazee waliokizunguka kitanda chake wanakumbuka mambo ambayo karatasi haiwezi kuyapokea.

Kwa hiyo ndugu na mgeni, kila mmoja ana mlango wake na ukuta wake. Pendekezo letu ni kwamba wanafunzi watumwe wawili wawili: mmoja wa nyumba ile, mwingine wa mtaa na, ikiwezekana, wa lugha nyingine. Mjukuu ndiye anayeuliza, kwa maana yeye ana haki ya utani. Mwenzake anasikiliza, na kwa kuwapo kwake bibi analazimika kueleza "yule wa Kavimvira" ni nani. Bibi akiona kuna jambo lisilopaswa kutoka nje ya nyumba, mgeni yule anamkumbusha, kwa kukaa kwake tu, kwamba maneno haya yatasafiri. Msimulizi atajua tangu mwanzo anasema mbele ya nani.

6.0 Lugha ya unukuzi

Tumebakiwa na kalamu ya mnukuzi. Wanafunzi wetu hunasa Kiswahili cha Uvira, kisha huandika Kiswahili sanifu, na uchambuzi huufanya kwa Kifaransa. Kila hatua ina hasara yake. Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe ili kufafanua hoja.

(1) Balikuja usiku. Balichukua ng'ombe. Baba balimupiga.

Kwa Kiswahili sanifu tungepata:

(2) Walikuja usiku, wakachukua ng'ombe, wakampiga baba.

Ngeli imesahihishwa, lakini kazi ya ba- haikuhamishwa. Katika Kiswahili chetu kauli ya kutendwa hutumika kwa nadra kuliko katika Kiswahili sanifu, na mara nyingi nafasi yake huchukuliwa na kiambishi hiki, mtendwa akitangulia: "Baba balimupiga" inakaribia "Baba alipigwa". Mtendaji yupo kisarufi lakini hatajwi. Katika (2) msomaji anauliza mara moja: wao ni akina nani? Mnukuzi naye, akitaka matini yake ieleweke, huongeza jina:

(3) Wanamgambo wa kabila fulani walikuja usiku...

Kutoka (1) hadi (3) kumetokea jambo ambalo si la kisarufi tena. Msimulizi hakumtaja mtu. Huenda hakuwajua, huenda aliwajua vizuri, na mmoja wao leo ni jirani anayechota naye maji. Ba- ilikuwa pazia lake. Mnukuzi ameliondoa bila idhini, na ameliondoa kwa jina la kabila, katika mji ambao watu wameuawa kwa jina la kabila. Hatujui kosa la unukuzi lililo zito kuliko hili. Mchunguzi wa uhalifu ana wajibu wa kuuliza "ni nani hao?", na shahidi ana haki ya kujibu au kukataa. Mtafiti wa masimulizi ya maisha hana wajibu huo, na hana ruhusa ya kujibu kwa niaba ya msimulizi.

Mfano wa pili ni wa kitenzi:

(4) Tulikuwaka tunavuka ku Kigoma.

Kiambishi -ak- kinaonyesha zamani yenye mazoea, jambo lililokuwa likifanyika mara kwa mara na ambalo limekwisha. Mwanafunzi akiandika "Tulivuka kwenda Kigoma", ameifanya desturi ya miaka kuwa safari ya siku moja. Maisha ya mtu yamejengwa zaidi na mazoea kuliko na matukio, na kiambishi hiki kidogo ndicho kinachoyabeba.

Mfano wa tatu ni wa msamiati. Neno bibi, ambalo katika Kiswahili sanifu, na katika makala haya, ni mama wa baba au wa mama, kwa watu wetu mara nyingi ni mke. "Bibi ya baba" anaweza kuwa mama wa kambo. Msomaji wa Dar es Salaam atamwona mama mkuu mahali palipokuwa na mke wa pili, na mgogoro wote wa masimulizi utampita.

Mfano wa nne si wa sarufi. Ni wa kalenda. Msimulizi anasema: "Ni ule mwaka maji ya ziwa yalipanda." Kijana anayenukuu huandika kwenye mabano 2020, kwa sababu Aprili ya mwaka huo mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi, na tangu hapo ziwa nalo limepanda, likaingia mitaani tena mwaka 2024. Lakini ziwa lilipanda sana pia mwanzoni mwa miaka ya 1960, likafikia kilele mwaka 1964, na mwezi Mei wa mwaka huo huo waasi waliitwaa Uvira, katika vita ambavyo wazee huviita vya Mulele. Mtu wa miaka themanini anapotaja maji, huenda anataja vita bila kuvitaja. Swali moja tu lingetosha: "Maji yapi?" Swali hilo haliwezi kuulizwa na mnukuzi akiwa peke yake usiku, linaulizwa na aliyeketi mbele ya msimulizi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya maisha hayawezi kuhakikiwa kana kwamba yalitoka kinywani mwa mtu mmoja. Vigezo viwili tumevipata kwenye vitabu: swali lionekane, na lugha ya jibu ibaki. Cha tatu tumefundishwa na Uvira: kimya cha msimulizi nacho ni sehemu ya matini, na mhariri akilinde kama anavyolinda maneno.

Katika utendaji tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila matini inayowasilishwa katika idara zetu iandikwe pamoja na maswali yake, hata yale ya kipuuzi. Pili, unukuzi wa Kiswahili cha Uvira uwe ndio matini kuu, na Kiswahili sanifu au Kifaransa kiwe tafsiri ya kando. Tatu, jina lolote la mtu au la kabila ambalo msimulizi hakulitamka lisiongezwe, wala katika mabano. Nne, kabla ya kazi kukabidhiwa, nakala isomwe kwa sauti mbele ya msimulizi, naye awe na uwezo wa kusema: hapa futa, hapa sikusema hivyo.

Pendekezo la nne litapingwa. Itasemekana kwamba msimulizi akiruhusiwa kufuta, historia itapoteza ukweli. Hofu hiyo tunaielewa, na kwa kazi ya mchunguzi ina msingi. Lakini mwanafunzi anayetoka chuoni kwenda kumuuliza bibi kizee wa Kalundu hakubeba hati ya mahakama. Amebeba daftari, na kesho bibi yule atabaki na majirani zake wakati mwanafunzi amekwisha kupata shahada. Atakayelipa gharama ya sentensi iliyobaki ndiye anayestahili kuamua kama ibaki.